Kigoda Kisichoyumba

Kaka yangu alizaliwa na mikono miwili mizuri na mdomo wa kuazima. Wa kuazima ni huu wangu. Tangu baba alipotuachia kibanda pale soko la mafundi, kazi tuligawana hivyo: yeye achonge, mimi niseme. Mteja akiuliza bei, kaka ananitazama. Akiuliza ni mti gani huu, ananitazama. Kuna bibi mmoja alimuuliza jina lake, jambo ambalo hata mtoto wa chekechea analijua, na kaka akanitazama. Nikamjibu yule bibi kwamba anaitwa Msasa, kwa sababu akishikwa na haya hudaka kipande cha msasa na kusugua kitu chochote kilicho mbele yake. Jina likamganda hadi leo. Mimi soko zima liliniita Redio, na sijawahi kuuliza kwa nini.

Soko lenyewe lilikuwa ua mrefu wenye paa la mabati yaliyotobokatoboka, vibanda huku na huku, na katikati njia nyembamba kiasi kwamba wanene wawili wakikutana, mmoja lazima aingie kibandani na akishaingia hatoki mikono mitupu. Upande wetu tulikuwa watu wa mbao, na gundi yetu inayonuka. Aliyeshikana ukuta na sisi ni fundi wa ngozi tuliyemwita Mikanda, mtu safi, mpole, ila ukimwambia amependeza anakuamini papo hapo. Na ng'ambo ya njia, uso kwa uso na kaka yangu, alikaa Bi Vyungu, mfinyanzi, mjane, udongo hadi viwikoni, na kicheko ambacho ukikisikia unacheka kwanza halafu ndiyo unauliza kuna nini.

Sasa lazima niwaeleze habari ya kiporo, la sivyo hamtaelewa lolote. Pale sokoni hakuna fundi aliyempa mteja kitu kilichokamilika. Si utapeli, msinitolee macho! Ni utaratibu tulioukuta. Kigoda cha kaka kilikuwa na miguu minne, mmoja umezidi mingine kwa unene wa ukucha. Mkanda wa Mikanda ulipungukiwa tundu moja. Kifuniko cha chungu cha Bi Vyungu kilibana kidogo, mpaka akisugue. Hicho kilichobaki ndicho tulichokiita kiporo. Mteja anakikalia kigoda chake siku kadhaa, anaona kinacheza, anarudi. Kaka anampunguzia mguu bure, mimi nampakulia habari za mji, na akiondoka ana kigoda kilichotulia pamoja na mwiko wa kupikia ambao hakuwa amepanga kuununua. Wateja wa siku nyingi walilijua jambo hili vizuri kabisa. Walikuja na viporo vyao wakicheka, wanavuta kiti, wanauliza habari za nyumbani.

Lakini wapo waliopewa kitu kizima. Yule mkorofi, wa kubishana mpaka povu linamtoka, wa kuita fundi mwizi mbele za watu, huyo alipewa kigoda kilichokaa chini kama kimepigiliwa misumari. Maana yake, nenda salama na usirudi. Hakuna aliyeitamka, ila kila mwenye kibanda aliielewa.

Haya. Kaka alikuwa anampenda Bi Vyungu. Hakuniambia, angeniambiaje? Nilijua kwa kaunta yetu. Upande unaotazamana na mfinyanzi aliusugua mpaka ukawa mwembamba kuliko upande mwingine, vitu vikawa vinateleza. Kila asubuhi yule mama akifungua alisema, "Umeamkaje, Fundi?" na kaka alitikisa kichwa na kusugua. Akifunga jioni, "Haya Fundi, tuonane," kaka akasugua. Mimi nikawa namwita wifi, chinichini, nikijaribu tu lilivyo mdomoni, na lilikuwa linanikaa vizuri.

Sikuwa na haraka. Niliona watu wawili wanakaa wakitazamana mchana kutwa, siku moja mmoja wao atachoka kutazama. Nikasahau kwamba hata soko lina mwisho.

Asubuhi moja akaja mtu wa ofisi ya mji na ndoo ya gundi, akabandika tangazo kwenye kila nguzo. Mwisho wa mwezi kila mtu awe ameondoa vyake. Paa litashushwa, ukuta utavunjwa, patawekwa maegesho ya magari. Msusi wa vikapu aliyekuwa karibu na lango alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Wengine walitukana, tena walitukana kwa zamu, mmoja akichoka mwenzake anapokea. Mimi nililia, sifichi. Mikanda alinipa kitambaa chake, kikawa kinanuka ngozi mbichi, nikalia zaidi.

Bi Vyungu yeye alifuta mikono na kusema ataenda kwa bintiye, mji wa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Binti alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, na alikuwa anambembeleza mama yake siku nyingi. "Udongo upo hata huko," alisema. "Na mjukuu mtarajiwa yupo huko. Hapa nitabaki nafanya nini? Nimfinyangie nani, magari?"

Nikageuka kumtazama kaka. Alikuwa anasugua mpini wa nyundo.

Hapo roho ilinipasuka. Huyu mama akipanda basi bila kuambiwa, ndiyo basi tena. Kaka hatamfuata, hataandika, hatapiga simu, maana simu anaipokea na kuniletea mimi. Atakaa nyumbani anasugua meza ya kulia chakula mpaka itoboke.

"Kaka," nikamwambia tulipofika nyumbani, "utamwambia lini?"

Hakujifanya haelewi, hilo namsifu. "Nitamwambia."

"Lini?"

"Watu wakipungua."

Watu wakipungua! Watu ndio kwanza waliongezeka. Habari za kufungwa zilipoenea, mji mzima ukakumbuka viporo vyake. Walikuja na vigoda vichwani, vigoda kwenye baiskeli, vigoda ambavyo baba yetu ndiye aliyevichonga na mguu ukabaki unacheza muda wote huo kwa sababu mwenyewe alikuwa anajisemea nitaenda, nitaenda. Foleni ikaanzia kwetu ikaishia langoni. Ndani yake nikamwona yule mtu wa gundi na ndoo, kigoda kwapani, anatazama pembeni.

"Wewe si ndiye uliyebandika matangazo?" nikamuuliza.

"Ndiyo mimi," akasema. "Ila kigoda ni cha mama mkwe."

Nikamrudisha nyuma ya foleni.

Kaka akawa anakata miguu kutwa, kichwa chini, na mwezi unakwisha. Bi Vyungu akaanza kufunga vyombo kwenye makasha. Hapo ndipo nilipowasha moto. Kamoto tu, ka kuchemshia chai.

Nilimwendea yule msusi wa vikapu, nikamvuta pembeni, nikamwapisha kwamba haya yafie hapohapo: Mikanda anataka kumposa Bi Vyungu kabla soko halijafungwa. Nilimchagua yeye kwa sababu hajawahi kutunza siri tangu azaliwe. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Kaka atasikia, wivu utamshika shingoni, maneno yatamtoka yenyewe. Sikusema uongo mnavyofikiri ninyi. Mikanda ni mwanamume, hana mke, na kuposa si kosa. Nilitangulia kidogo tu mbele ya ukweli.

Kabla ya mchana habari ilikuwa imezunguka soko zima na kunirudia mimi mwenyewe, imenenepa, ina tarehe na rangi ya sare. Na njiani ilipita kwa Mikanda.

Hilo sikulipigia hesabu. Mtu mwingine akisikia ameposa bila kujijua angeuliza, jamani, nimeposa lini? Si Mikanda. Mikanda alikaa, akafikiri, akafikia uamuzi kwamba habari hii lazima imetoka kwa Bi Vyungu mwenyewe, maana mwanamke mwenye heshima zake hawezi kusema wazi, hutuma watu. Kesho yake alikuja amenyoa, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na manukato yaliyoishinda gundi yetu nguvu. Wateja kwenye foleni walipiga chafya.

Akavuka njia na mkoba mzuri wa ngozi, mwekundu, mshono mdogomdogo kama wa mashine. Akampa Bi Vyungu kwa mikono miwili. "Kifungo sijakishona," alisema kwa sauti ya kusikika. "Utakuja nikushonee."

Aaah! soko zima likasema. Kiporo hicho! Bi Vyungu alicheka, akatazama huku na huku kuona wengine wanacheka nini, akaupokea. Mikanda akarudi kwake anatembea kwa vidole.

Nikamgeukia kaka kwa furaha yote. Haya sasa, lipuka! Kaka aliweka msumeno chini. Akaingia nyuma ya kibanda, akatoa lile gogo zuri ambalo baba alilificha na sisi tukaendelea kulificha, gogo la rangi ya asali ambalo hakuna mteja aliyestahili. Akaanza kuchonga kigoda.

Aliwaacha watu kwenye foleni wamesimama. Mimi nikawa nawatuliza kwa maneno, ila moyoni nacheza ngoma. Nilijua anachofanya. Anampelekea kiporo! Kiporo cha kufunga mwaka! Mkoba gani utashindana na kigoda cha mti ule, chenye mguu unaocheza kwa adabu, unaomwambia mtu rudi, rudi, rudi? Siku nzima aliyokuwa anakimalizia nilimwona amekiweka juu ya kioo kilichonyooka, anapitisha karatasi chini ya kila mguu. Nikasema anapima kiporo kiwe sawasawa. Sikusogea kuangalia. Mimi, ninayeangalia kila kitu cha kila mtu.

Siku ya mwisho mabati yalikuwa yameanza kushushwa. Jua likaingia mahali ambapo halijawahi kufika, tukaonana makunyanzi yetu vizuri kwa mara ya kwanza. Nyundo zinalia, watu wanabeba mbao, wanagombania nani alileta kufuli lipi. Na foleni bado ipo! Kaka akachukua kigoda, akakifuta kwa upindo wa shati, akavuka njia. Watu wakapisha. Hata waliokuwa juu ya paa waliacha kugonga.

Akakiweka mbele ya Bi Vyungu. Alikuwa anatabasamu, na kaka yangu akitabasamu unaona alivyokuwa mtoto.

Bi Vyungu alikaa, uso wake wote umefunguka. Akaegemea kushoto, kigoda kimya. Akaegemea kulia, kimya. Akajitikisa mbele na nyuma anavyofanya mtu anayejua anachokitafuta. Kile kigoda kilikaa kama kimeota mizizi. Na mimi niliyesimama ng'ambo nikaelewa sasa ile karatasi ilikuwa inapima nini.

"Kimekaa," alisema.

"Kimekaa," kaka akajibu kwa fahari. Neno lake la kwanza kwa yule mama, na lilikuwa hilo!

"Hakuna kilichobaki?"

"Hakuna."

Bi Vyungu akainuka, akapangusa sketi yake. "Sawa, Fundi. Nimeelewa. Ila kama nilikukera mahali, ungeniambia tu. Tumekaa hapa tukitazamana miaka yote hii, nilistahili angalau kuambiwa."

Kaka alibaki amesimama, tabasamu linamshuka polepole. Nilivuka ile njia mbio, nikamshika mkono. "Umemfukuza!" nikamnong'oneza.

"Nani? Mimi?"

"Kitu kizima anapewa nani, kaka? Fikiri! Anapewa nani?"

Nikaiona inamwingia. Ilianzia machoni, ikashuka shingoni, mpaka masikio yakabadilika rangi. Mtu aliyechonga viporo maisha yake yote alikuwa amesahau maana ya kitu kizima, tena mbele ya mwanamke aliyempenda.

Bi Vyungu alikuwa hajamaliza. Mwanamke akishaumia huwa anakumbuka na mengine. "Na jingine," alisema, sasa anaongea na soko zima. "Nasikia nimeposwa. Mchumba wangu nimemtambua kwa manukato! Nani ameyaleta haya?"

Hakuna aliyesema Redio. Hawakuhitaji. Macho yote yalinijia kwa pamoja, hata ya yule mtu wa ndoo.

"Nilikuwa nachochea tu," nikasema.

"Unachochea nini?"

Nikamtazama kaka. Yeye alikuwa amekwisha kunitazama, yale macho yake ya siku zote, ya bei gani na mti gani. Na maneno nilikuwa nayo! Yalikuwa yamejipanga ulimini, matamu, ya kumliza mtu. Nilikuwa nimeyaandaa tangu zamani, kila jioni nikifagia makapi ya randa. Nikafungua mdomo.

"Usimtazame huyo," Bi Vyungu akamwambia kaka. "Nitazame mimi."

Nikaufunga. Msione ni jambo dogo. Jaribuni kubana chafya mbele ya watu, muone. Mikono ya kaka ilianza kutafuta kitu cha kusugua, ikapapasa hewa, haikupata, na kwa mara ya kwanza ikashuka ikatulia.

"Nilitaka nikupe kitu kimoja ambacho sijakuficha kitu ndani yake," kaka alisema. Sauti ilikuwa inakwaruza, haijazoea njia. "Wewe si mteja. Sitaki urudi nikupunguzie mguu. Sitaki urudi kabisa. Nataka usiondoke. Na kama ni lazima uondoke, basi tuondoke wote."

Wee!

"Kumbe unasema," alisema Bi Vyungu.

"Nasema."

"Binti yangu ana nyumba ndogo."

"Nitalala hata barazani."

"Na huko hakuna Redio wa kukusemea."

Nikangoja anitazame. Nilikuwa tayari kumjibia, nilikuwa nimeshavuta pumzi. Kaka yangu hakunitazama. "Nitajisemea mwenyewe," akasema.

Yule mama akacheka kile kicheko chake, na soko likapokea, na waliokuwa juu ya paa wakagonga mabati yaliyobaki mpaka tukaziba masikio. Msusi wa vikapu alilia, huyo hulia kwa lolote. Mikanda alisimama katikati ya njia na shati lake la pasi. "Wewe mama," aliniambia, "umenioza na umenipa talaka ndani ya mwezi mmoja, na mimi sijala hata wali wa harusi." Nilimwomba radhi, kweli nilimwomba. Alisema atafikiria. Mtu mmoja kwenye foleni akapaza sauti, "Hongereni sana, lakini mguu wangu je?" na kaka akarudi akawakatia wote, mmoja mmoja, huku anawauliza habari za nyumbani. Yeye mwenyewe! Kumbe alikuwa anaweza. Kumbe miaka yote alikuwa anasikiliza nisemavyo.

Waliondoka na makasha yao, kila mmoja amepakata kitu cha mwenzake. Kituoni nilimwita wifi kwa sauti, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kaka alinishika kichwa anavyonishika tangu tukiwa watoto, akasema, "Mdogo wangu, utakuwa sawa?" Nikamwambia mimi tena, mimi, lini sijawa sawa? Basi likaondoka.

Sasa nauza miiko iliyobaki barazani kwangu. Mikanda hupita mara mojamoja, anajidai bado amenuna, ila anataka habari. Pale sokoni magari yanaegeshwa. Nilipanga kila kitu kwa akili yangu yote: nani asikie, nani aone wivu, nani aseme. Jambo moja tu halikunijia, kwamba kaka akiondoka na mtu, atakuwa ameondoka nyumbani kwangu. Simu huwa anapiga mwenyewe, na anaongea kweli, haniachii nafasi ya kutia neno.

Mkiniuliza kama najuta nitawaambia sijuti, hata chembe. Ila msije mkaniuliza jioni.